Shangazi Nukta na Paa wa Bati

Katika chumba cha mbele cha matbaa moja ndogo, kati ya mlango na kabati la vitabu vya risiti, kuna meza ambayo haijahamishwa kwa miaka ishirini na saba. Juu yake pana taa ya shingo ndefu, rula ya chuma, kikombe cha penseli na kalamu moja tu ya wino mwekundu. Nyuma ya meza hukaa mama mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kazi yake ni kusoma. Hakuna kinachotoka katika matbaa ile, iwe kadi ya harusi, kalenda au lebo ya sabuni, kabla hajakisoma herufi kwa herufi na kutia saini pembeni.

Matbaa ni ya mdogo wake wa kiume. Watoto wa huyo mdogo wake humwita shangazi, kama inavyotakiwa. Wafanyakazi wakawaiga watoto, wateja wakawaiga wafanyakazi, na sasa hata wazee wenye mvi nyingi kuliko yeye wakiingia pale husema, "Shikamoo, Shangazi," kisha hushtuka na kujicheka wenyewe. Neno Nukta liliongezwa na watu waliorudishiwa kazi zao kwa sababu ya nukta moja. Mwanzoni hakulipenda. Siku hizi akipokea simu husema, "Nukta hapa."

Kijana mmoja alikuja kuchukua kadi zake za harusi, akakuta hazijachapwa.

"Shangazi, jamani, watu wanasubiri kadi!"

"Wasubiri. Soma hapa ulivyoandika."

"Baada ya sherehe wageni wote watakula bibi na bwana harusi," kijana akasoma haraka haraka. "Si ndiyo? Wataelewa tu."

"Watakula nani, mwanangu?"

Kijana akasoma tena, polepole.

"Umesahau 'pamoja na'," Shangazi akasema. "Na wewe mwenyewe umo kwenye sahani."

Sioni ubaya wowote katika ukali wa namna hii. Tumezoea mno kusema "wataelewa tu," na kila tunapoisema tunamtwika msomaji kazi ambayo ni yetu. Mume wa Shangazi, ambaye ni fundi wa redio na mtu wa mzaha, husema kwamba alipomwandikia barua ya kwanza ya mapenzi ilirudi ikiwa imesahihishwa mahali kumi na moja, na chini kabisa, kwa wino ule ule mwekundu, imeandikwa: Ndiyo.

Lakini kilichonifanya niandike habari zake si kadi wala kalenda. Ni kazi anayoifanya bila kutumwa na mtu, ya kuwasaidia walimu kuchapisha hadithi na mashairi ya wanafunzi wao. Ilianza kwa karanga.

Siku hiyo mchana alinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mtu mwingine angekula karanga akatupa karatasi. Yeye alizimwaga karanga mezani, akaikunjua karatasi, akasoma. Ilikuwa insha ya mtoto kuhusu jogoo aliyegoma kuwika mpaka aombwe radhi. Alicheka mpaka wafanyakazi wakatoka chumba cha mtambo kuja kutazama kulikoni. Bahati mbaya karatasi iliishia pale mwenye jogoo anapoingia bandani, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Shangazi akainuka, akarudi kwa muuza karanga.

"Nipe nyingine."

"Ya bei ileile?"

"Ya ukurasa wa pili."

Muuza karanga akamtazama kama mtu anayemwona mgonjwa. Shangazi alinunua vifuko saba, akakunjua vyote, akapata hesabu za mafungu na ramani ya mito. Jogoo hakuwemo. Basi akaangalia muhuri wa shule uliokuwa pembeni mwa ile karatasi ya kwanza, akafunga meza yake, akaenda shuleni kwa miguu.

Mwalimu wa zamu alikiri kwa aibu kidogo kwamba madaftari ya zamani huuzwa kwa kilo ili kabati lipate nafasi. Mtoto mwenyewe akaitwa. Akasimama mbele yao, amejificha nusu nyuma ya mlango.

"Mimi nimekuja kuuliza jambo moja tu," Shangazi akamwambia. "Yule jogoo, aliombwa radhi?"

Mtoto akatabasamu. "Aliombwa. Akakubali. Lakini toka siku hiyo anawika saa sita mchana. Makusudi."

Shangazi akacheka tena, pale pale ofisini. Kisha akamgeukia mwalimu, na kicheko kikawa kimekwisha.

"Mwalimu, jambo kama hili mwisho wake ni karanga?"

Swali hilo alijiuliza na yeye mwenyewe, maana nyuma ya meza yake, chumba cha mtambo, kulikuwa na rundo la vipande vya karatasi safi vinavyobaki kila kalenda inapokatwa kingo. Vilikuwa vidogo kwa kalenda, lakini vilitosha kabisa kwa kijitabu. Alimwomba mdogo wake vipande hivyo na mtambo kwa Ijumaa alasiri. Mdogo wake alikubali kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, hajawahi kumshinda dada yake kwa maneno tangu wakiwa wanagombea kijiko.

Tangu hapo walimu humjia. Nami nimekwenda, na kazi za wanafunzi wangu zilitoka. Huwafundisha mambo ambayo chuoni hatukuambiwa: kwamba usipeleke nakala pekee uliyonayo, kwamba mzazi aulizwe kwanza, kwamba barua kwa mhariri wa ukurasa wa watoto gazetini iwe mistari minne. Mwalimu mmoja mwanamume alimletea barua ya kurasa tatu iliyojaa vyeti vyake. Shangazi aliikata ikabaki salamu, umri wa mtoto na jina la shairi.

"Mhariri ana njaa na anataka kwenda nyumbani," alimwambia. "Mpe shairi. Wasifu wako mpe mkeo."

Ila amri yake kubwa ni moja, na ameiandika kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa juu ya meza: TAHAJIA NI YANGU, MANENO NI YA MTOTO. Ili amri hiyo isibaki ukutani kama pambo, huwa anadai daftari la asili liletwe pamoja na kurasa zilizopigwa chapa, kisha kila mtoto aje asome ukurasa wake na kutia saini. Saini ya mtoto hutangulia. Ya Shangazi hufuata.

Mwaka jana aliivunja amri hiyo mwenyewe, na hapo ndipo kisa changu kilipo.

Mwalimu wa darasa la sita wa shule iliyo nyuma ya posta alikuwa binti aliyetoka chuo mwaka uleule, mwenye alama nzuri na nia nzuri zaidi. Alikuwa amewaahidi wanafunzi wake kitabu. Tatizo lilikuwa kitabu cha mwaka uliotangulia, kilichotolewa haraka haraka kwenye duka la kurudufia karatasi, ambacho jalada lake lilisema Hadithi Kutoka Shule ya Msigi. Mgeni rasmi aliisoma hivyo hivyo kwenye kipaza sauti. Mwalimu mkuu hakuisahau siku ile.

"Mwaka huu," alimwambia binti, "nikiona kosa moja, moja tu, kitabu kinakwenda stoo. Tumeelewana?"

Basi Jumanne binti akaja kwa Shangazi na hadithi kumi na mbili zilizopigwa chapa vizuri, kingo zimenyooka, kila aya mahali pake. Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi.

"Madaftari yako wapi?" Shangazi akauliza.

"Nimeyafungia kabatini, Shangazi. Nilidhani hayatahitajika. Nimesahihisha kila kitu mwenyewe, mara tatu."

Shangazi akapekua. Kurasa zilikuwa safi, na yeye ni mtu ambaye ukurasa safi humlainisha kama wengine wanavyolainishwa na chai ya maziwa. Alisoma zote. Katika hadithi moja tu, iliyoitwa "Paa la Nyumbani Kwetu," alikuta mahali karibu na mwisho palipoandikwa "paa wetu." Akakata, akaandika "letu," akafurahi kwamba bado macho yake yanaona ambacho macho mengine hayaoni. Hadithi yenyewe aliiona imepooza kidogo. Ilisema paa la bati lina kutu, upepo ukivuma linatikisika, baba ameliwekea mawe. Si kila mtoto ana jogoo, akawaza. Akageuza ukurasa.

Siku ya pili mdogo wake alikuwa na mtambo umekaa bure asubuhi nzima.

"Dada, nichape zile kurasa nne za katikati? Nikisubiri Ijumaa nitabanwa."

Za katikati zilikuwa hadithi ya paa, peke yake. Watoto walikuwa bado hawajaja kusaini. Shangazi alitazama kibao chake cha boksi, akatazama kurasa zile safi, akatia saini. "Chapa," akasema.

Alhamisi baada ya masomo watoto kumi na wawili wakaingia na mwalimu wao, wakajaza chumba cha mbele mpaka wateja wakabaki nje. Kila mmoja akapewa ukurasa wake na penseli. Wengine walikuwa wamefanya mazoezi ya saini tangu Jumanne. Mmoja aliipamba yake kwa mikia mirefu hata ikaingia kwenye hadithi ya jirani, wakaanza kugombana mpaka Shangazi akapiga rula mezani. Kumi na mmoja wakasaini. Msichana mmoja mwembamba, aliyekuwa karibu na dirisha, alisoma ukurasa wake mpaka mwisho, akaurudisha mezani, akaweka penseli juu yake.

"Hujasaini," Shangazi akasema.

"Shangazi, samahani. Naomba yangu mwitoe."

Mwalimu akaja haraka. "Kuitoa? Mwanangu, yako ndiyo iliyo katikati! Kwa nini?"

Msichana akaangalia viatu vyake. "Kwa sababu paa si wangu."

"Si langu," Shangazi akasahihisha, kwa mazoea tu, bila hata kuinua macho.

"Wangu," msichana akasema.

Shangazi akainua macho.

"Langu lipo nyumbani, Shangazi," msichana akaendelea, kwa sauti ndogo lakini bila kutetereka. "Hilo la bati lipo. Aliyepotea ni wangu."

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Una daftari lako?"

Lilikuwa kwenye mkoba. Mwalimu alikuwa amewarudishia asubuhi ile. Shangazi akalifungua chini ya taa. Juu kabisa, kwa mwandiko wa kulalia kushoto, paliandikwa "Paa Wetu," na chini yake hivi:

"Nyumbani kwetu tuna paa mmoja. Ni wa bati na ana kutu mgongoni. Mchana analala juu yetu amekunja miguu. Upepo ukivuma anaamka, anatikisa masikio, anataka kukimbia. Baba amembana kwa mawe tano na tairi moja. Mvua ikinyesha paa wetu analia, machozi yake yanaingia kwenye sufuria ya mama. Mimi namwambia, usiende, paa, ukienda tutalala na nyota na mama hapendi wageni."

Kila "mmoja," kila "wa," kila "ana" lilikuwa limezungushiwa duara la wino wa mwalimu. Juu ya "masikio" paliandikwa: Paa halina masikio! Andika kingo.

Shangazi alisoma mpaka mwisho, ambako upepo mkubwa unakuja, na paa anainuka, anamwangalia mtoto kitandani, kisha analala tena, "nadhani alituhurumia." Alirudi juu akasoma upya. Mabega yakaanza kumtikisika. Watoto wakadhani analia. Wale wa mbele wakarudi nyuma. Kumbe anacheka.

"Paa!" akasema. "Yule wa porini, mwenye miguu! Amelala juu ya nyumba!" Akamgeukia mwalimu. "Umeona tulichofanya, mwanangu? Tumemchuna paa tukabakiza bati."

Binti alikuwa ameshaona, na uso ulikuwa umemshuka. "Mimi nilidhani ni upatanisho, Shangazi. Nilidhani hajui. Na mkuu alisema kosa moja tu..." Akamwinamia msichana. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliandika kwa wino mwekundu, Mwalimu."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi. Hakuna aliyemkataza mtoto yule kusema, wino ulitosha. Sisi tunaosahihisha tuna nguvu kubwa kuliko tunavyojua, na mtu mzima anayemsahihisha mtoto mpaka asibaki mtoto ndani ya maneno yake hajamfundisha kitu. Amemwandikia, kisha amebandika jina la mtoto juu ya kazi isiyo yake. Huo ni uongo, hata sarufi iwe safi namna gani.

Shangazi hakujitetea. "Mwalimu wako alikosea mara moja," akamwambia msichana mbele ya wenzake wote. "Mimi nimekosea mara mbili. Nilimkata paa mmoja kwa mkono wangu mwenyewe, na nilisaini kabla yako. Nipe mpaka kesho. Nikimrudisha paa wako mzima, na masikio yake, utasaini?"

Msichana akafikiri, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika, kwa maoni ya wenzake.

"Nikimwona kwanza," akasema.

"Hayo ndiyo maneno."

Walipoondoka, Shangazi akaingia chumba cha mtambo. Mdogo wake alikuwa na wino mpaka viwikoni.

"Zile kurasa za katikati, zirudiwe."

"Kwa nini? Zimetoka safi sana."

"Zina kosa."

"La nani?"

"Langu."

Mdogo wake akaweka kitambaa chini. Akazima mtambo ili asikie vizuri. "Rudia, Dada."

"Umesikia."

"Sikusikia. Mtambo ulikuwa unapiga kelele." Akaenda mlangoni, akawaita wafanyakazi wawili waliokuwa wanafunga vitabu vya risiti. "Jamani, njooni! Miaka ishirini na saba! Nukta ametia nukta pasipo nukta!"

"Ukimaliza kucheza utengeneze bati jipya," Shangazi akasema.

Katika matbaa, bati ni kile kibamba chembamba cha kuchapia, na neno hilo likamchekesha mdogo wake upya alipoelezwa kisa chote. "Kwa hiyo paa ameharibika kwenye bati, na anatengenezwa kwenye bati? Haya. Bati lipo. Karatasi ndiyo hakuna."

"Vipande vimekwisha?"

"Vyeupe vimekwisha. Nimebaki na njano, ya majalada ya kalenda. Kitabu cheupe, katikati njano. Kitaonekana kama yai la kuchemsha."

"Liwe yai," Shangazi akasema.

Lakini kabla ya yai kulikuwa na mwalimu mkuu. Bila ruhusa yake kitabu kingekwenda stoo, na paa ndani yake. Ijumaa asubuhi Shangazi na binti walikuwa ofisini kwake saa mbili kamili. Mwalimu mkuu ni mtu mrefu, mpole kwa umbo na mkali kwa maandishi. Alichukua ukurasa, akachomoa kalamu mfukoni, akaanza kusoma kwa sauti, akisahihisha huku anakwenda, kama afanyavyo kila mwalimu mzuri wa Kiswahili hata akiwa usingizini.

"'Nyumbani kwetu tuna paa...' moja. 'Ni...' la bati, 'na...' lina kutu mgongoni. Hm. Mwalimu, haya ni makosa ya darasa la tatu. 'Mchana...' linalala juu yetu, 'limekunja...'" Akasita. "Limekunja miguu?"

Binti alikuwa ameshika kingo za kiti.

"'Upepo ukivuma...' linaamka, linatikisa..." Kalamu ikasimama. "Paa halina masikio."

"Ndiyo, Mwalimu," Shangazi akasema.

"Nyumba haina masikio."

"Haina."

Akarudi juu. Safari hii alisoma kimya, midomo ikicheza tu. Alipofika kwenye masikio kwa mara ya pili, nyusi zake zilipanda polepole.

"Ni paa," akasema.

"Ni paa."

"Mnyama."

"Na bati. Wote wawili, mahali pamoja."

"Wa bati, ana kutu mgongoni..." Akaifunga kalamu. Akaegemea kiti, akaanza kucheka kicheko cha puani alichojaribu kukifanya kikohozi, kikakataa. "Huyu mtoto ni yule anayekaa karibu na dirisha? Yule asiyesema kitu?"

"Ndiye," binti akasema.

"Kumbe anasema." Akasoma mpaka mwisho, kisha wasiwasi wake wa kazi ukamrudia. "Lakini mgeni rasmi asipoelewa? Tuweke maelezo mafupi chini, kwamba neno paa lina maana mbili..."

"Ukimweleza paa huyu, Mwalimu, utakuwa umemchinja," Shangazi akasema. "Ila nakubaliana na wewe kuhusu kosa. Kosa moja likionekana humu, ambalo mtoto hakulikusudia, kitabu kipeleke stoo na mimi unifungie humo humo."

Mwalimu mkuu akatia saini.

Saa saba mchana msichana alikuja matbaa na mwalimu wake. Ukurasa wa majaribio ulikuwa mezani, wa njano, wino haujakauka vizuri. Msichana akausoma akifuata kwa kidole hewani, bila kugusa. Shangazi alikuwa amesimama, jambo ambalo wafanyakazi wanaapa hawajawahi kuliona mtu anaposoma.

"Kuna jambo moja nataka kukuuliza," akasema msichana alipofika mwisho. "Sijaligusa, maana siku hizi naogopa. Umeandika baba amembana kwa 'mawe tano.' Hayo mawe nayo ni wanyama?"

Msichana akaangalia, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka. "Hapana, Shangazi! Hilo ni kosa langu. Ni mawe matano."

"Una hakika? Usione aibu. Kama yana miguu niambie."

"Ni mawe tu."

"Basi sahihisha mwenyewe." Shangazi akampa kalamu nyekundu, ile moja, ambayo hata mdogo wake hajawahi kuishika. Msichana akaongeza herufi mbili kwa uangalifu mkubwa. Kisha akageuza ukurasa, akasaini. Saini yake haikuwa na mikia. Shangazi akatia yake chini, na mtambo ukaanza kupiga kelele nyuma ya ukuta.

Jumamosi, uwanjani mwa shule, kila mzazi aliyepewa kitabu alikifungua katikati kwanza, kwa sababu ya njano. Mgeni rasmi alisifu ubunifu wa kuweka rangi mahali pale, na mdogo wake Shangazi, aliyekuwa amenawa mikono kwa mara ya kwanza wiki ile, aliinama kidogo kupokea sifa. Msichana akaitwa kusoma. Mistari miwili ya kwanza watu walitazamana; mama mmoja alisikika akinong'ona, "Mbona anakosea?" Kwenye masikio kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma, na toka hapo hakuna aliyetazama pembeni. Alipofika kwenye mawe matano, mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama ukutani, mwenye mikono ya kazi, akashindwa kujizuia.

"Ni sita, mwanangu! Juzi nimeongeza moja!"

"Baba, nilipoandika yalikuwa matano!"

"Haya, endelea, endelea."

Wakacheka yeye na uwanja mzima. Msichana akasubiri watulie, kama mtu aliyezoea kusubiriwa, akamaliza. Mwalimu mkuu alipiga makofi amesimama. Binti wa darasa la sita aliniambia baadaye kwamba siku hizi, kabla ya kuzungushia neno lolote duara, huandika pembeni kwa penseli: Ulikusudia? Mara tisa kati ya kumi mtoto hujibu hapana. Anaandika swali hata hivyo.

Zile kurasa nyeupe zilizoharibika, zenye "paa letu," hazikutupwa. Zilikatwa zikashonwa kuwa vijitabu vya kuandikia namba za simu pale mezani, na Shangazi huzitumia upande wa nyuma. Mdogo wake naye amepata mchezo wa uzeeni. Kila asubuhi chai ikiletwa, hutoa kichwa mlangoni mwa chumba cha mtambo, uso umejaa heshima.

"Dada, kikombe wangu yuko wapi?"

"Chako."

"Una hakika? Umemwuliza?"

Shangazi hukitazama kikombe juu ya miwani, kwa makini, kama anayesubiri jibu.

"Anasema kanawe kwanza wino ndipo umshike," husema, na kurudi kwenye kadi za harusi.